Mafuta Haya Yamelala Wapi?

Mwaka 1983, pale Morogoro, mtu akizimikiwa na gari njiani hakukimbilia kumwita fundi. Kwanza aliangaza huku na huku kuona nani anamwona, kisha akapanga la kusema. Fundi aliitwa baadaye, na alipofika alikuta maelezo yamekwisha kuiva. Nilikuwa spanaboi wa gereji bubu upande wa Msamvu. Kazi ya kijana wa umri wangu ilikuwa kuosha spea, kushika tochi na kunyamaza. Kwa kuwa nilinyamaza, nilisikia mengi.

Aliyezaliwa baada ya miaka ile anahitaji kuelezwa kidogo. Vita ya Kagera, iliyoanza mwishoni mwa 1978, ilikausha akiba ya nchi. Mwaka 1979, baada ya mapinduzi ya Iran, bei ya mafuta duniani ikapanda mno, na sisi fedha za kigeni za kuyanunulia hatukuwa nazo. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya foleni, tairi na betri ndiyo usiseme. Ili kubana matumizi, magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Kituo cha mafuta kiliweza kukaa siku na siku kimefungiwa kamba mlangoni, na habari zikivuma kuwa lori litashusha, watu walilala na magari yao kwenye mstari.

Hata hivyo Morogoro ilikuwa na bahati yake, au balaa yake. Barabara itokayo Dar es Salaam inagawanyika hapo: moja inakwenda Dodoma, nyingine inashika njia ya Iringa hadi mpakani na Zambia. Malori ya mafuta yalipita usiku na mchana, na si yote yaliyopakiwa pwani yaliyofika yaendako. Mwenye pipa, na mwenye kujua wa kunong'ona naye, hakukosa. Ila mafuta ya namna hiyo yalikuwa yamepita mikono mingi: debe la huyu, jerikeni la yule, pipa lililokuwa na dizeli mwezi uliopita. Mafuta ya taa nayo yalikuwa na bei ya chini kuliko petroli, kwa hiyo kila mkono yaliopita ulikuwa na sababu ya kuongeza kidogo.

Machi 1983 ukaanza msako wa wahujumu uchumi, ukiongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine. Ikatungwa sheria maalumu na mahakama yake maalumu. Walanguzi wakubwa walitetemeka, na haki yao. Lakini hofu haikuuliza ukubwa wa mtu. Watu walitupa mali usiku: vitenge vichakani, sabuni mtoni. Pipa la petroli nyuma ya nyumba, ambalo mwaka uliotangulia lilikuwa akiba ya mtu mwenye busara, sasa lilikuwa ushahidi.

Ugumu mpya wa kazi yetu ukaanzia hapo. Gari lililonyweshwa mafuta mabaya haliponi mpaka ujue limenyweshwa nini, na mwenye gari ndiye mtu wa mwisho aliyekuwa tayari kukuambia.

Fundi wangu alikuwa amekulia katika karakana za serikali kabla ya kufungua kijiwe chake chini ya mkungu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Sifa yake ilikuwa moja: hakufungua nati kabla hajajua anatafuta nini. Mafundi wengine walianza kwa kubadilisha, naye alianza kwa kuuliza. Na alipojibiwa uongo hakukasirika, aliendelea kuuliza kwa njia nyingine.

Masika yalikuwa yamekolea siku ile ilipoletwa Land Rover 109, pikapu ya petroli, ikisukumwa na vijana huku matope yakiwafika magotini. Mwenyewe alikuwa mzee wa makamo, ana shamba na kiduka kijijini kwenye njia ya Dodoma. Gari lilikuwa limekataa kwa siku kadhaa. Lilikuwa likiwaka kidogo, linatetemeka, linakata, na baadaye halikuwaka kabisa hata kwa hendeli. Fundi wa kijijini alikwisha kubadilisha koili, kisha pointi, kisha kondensa, vitu ambavyo mwaka ule vilitafutwa kwa tochi hadi Dar es Salaam. Gari likabaki vilevile.

"Shikamoo mzee," fundi alimwamkia. "Mara ya mwisho umeweka mafuta wapi?"

"Marahaba. Kituoni, fundi. Hapa hapa mjini. Juzi."

Hakuna aliyesema neno. Sote tulijua kuwa wiki ile vituo vya mjini vilikuwa vikavu. Fundi aliitikia kwa kichwa, akaniambia nilete spana ya plagi.

Alianza na moto. Akachomoa plagi ya kwanza, akairudishia waya wake, akailaza juu ya injini na kunitaka nizungushe hendeli. Cheche ikaruka, ya buluu, kali. "Moto upo," alisema, na kwa maneno hayo mawili fedha zote za koili na pointi zikawa zimepotea bure. Kisha akaitazama plagi yenyewe. Ilikuwa imelowa. Plagi kulowa peke yake si habari, kwani injini inayozungushwa bila kuwaka hulowa petroli. Yeye alikigusa kimiminika kile kwa kidole, akakipaka kwenye kiganja na kusubiri. Petroli ikiwekwa kiganjani hupoa, hupaa, na kuiacha ngozi kavu yenye weupe. Kiganja cha fundi kilibaki na matone madogo yaliyojiviringa, na kando yake utelezi.

Akainama kwenye pampu. Land Rover za zamani zina kikombe cha kioo chini ya pampu ya mafuta, kimebanwa kwa waya na skrubu ya kukaza kwa vidole. Kazi yake ni kutega uchafu kabla haujafika kwenye kabureta, na kwa kuwa ni kioo, fundi huona kilichomo bila kufungua chochote. Akakifuta tope kwa kitambaa, akanisogeza karibu. Ndani mlikuwa na tabaka mbili. Juu, kimiminika cha rangi ya majani makavu. Chini, maji maangavu kabisa, zaidi ya nusu ya kikombe. Kwenye mpaka wa tabaka hizo lilielea vumbi jekundu la kutu, jembamba, limenyooka. Alipokitikisa kikombe maji yalivunjika shanga shanga, yakazunguka chini, kisha yakakusanyika tena mahali pale pale.

Petroli ni nyepesi kuliko maji, wala haviungani. Kwenye tangi maji hukaa chini, na bomba la kunyonyea mafuta huchukua karibu na chini. Ndiyo maana gari la namna hii huwaka kidogo asubuhi, kwa petroli iliyobaki kwenye kabureta, halafu hukata mara pampu inapoleta mzigo mpya. Mwenye gari huapa kuwa tatizo ni moto, kwa sababu linakata ghafla kama taa iliyozimwa.

Tukafungua kabureta. Kwenye bakuli lake, chini ya boya, kulikuwa na ungaunga mweupe umeng'ang'ania chuma: alama ya maji yaliyokaa humo muda mrefu kuliko siku mbili. Fundi aliona, akamtupia mzee jicho, akanyamaza. "Juzi" ilikuwa imeanza kupasuka. Jeti zilikuwa zimeziba kwa kutu. Nilinyoosha mkono kuchukua kipande cha waya, akanionyesha pampu ya baiskeli badala yake. Jeti hupulizwa, haichokonolewi. Tundu lake limetobolewa kwa kipimo, na waya ukilipanua kidogo tu, gari litakunywa mafuta maisha yake yote yaliyobaki.

Mafundi wengi wangeishia hapo: maji yameonekana, mwaga maji, lipwa. Yeye alitaka kwanza kujua kama injini yenyewe ni nzima. Alikuwa na petroli safi kidogo aliyoitunza kwa ajili ya vipimo tu. Akaining'iniza kwenye kopo juu ya bawaba ya boneti, akavuta mpira hadi kwenye pampu, akaliacha tangi la gari nje ya mchezo. Tukarudisha plagi zilizokaushwa. Mzee mwenyewe akakanyaga stata. Gari likakohoa, likatoa moshi, likawaka. Vijana waliokuwa wamelisukuma wakapiga makofi.

Fundi hakupiga. Alikuwa anatazama taa ya oili kwenye dashibodi. Injini ilipopata joto na kushuka kwenye sailensi, ile taa ilikuwa inapepesa badala ya kuzima. Akazima gari, akasubiri oili ishuke, akachomoa dipstiki. Oili ilikuwa juu ya alama ya mwisho.

Mtu asiyejua magari angefurahi. Lakini Land Rover ya umri ule huvuja huku na kule. Kazi yake ni kupunguza oili, haiongezi. Kama imepanda, kuna kitu kimeingia. Akaipaka oili ile katikati ya vidole viwili, akavitenganisha. Ilikatika upesi, haina uzito. Akaipeleka puani, kisha akaileta puani kwangu. Harufu ya kibatari.

Alimaliza kwa karatasi ya kaki, ile ya kufungia sukari, ambayo kwa wakati huo ilikuwa inafungia vitu vingine. Akadondosha tone la petroli yake safi, na kando yake tone kutoka tangi la mzee. Tukayaacha juani, maana mvua ilikuwa imetoa nafasi. Tone la kwanza lilikauka na kutoweka. La pili lilipungua, likaacha duara la mafuta ambalo lilikuwa bado linaonekana tulipokunja vifaa jioni.

Kwa hiyo yalikuwa matatu: maji, kutu na mafuta ya taa. Maji yalizima gari. Kutu iliziba jeti. Mafuta ya taa yalikuwa yakifanya kazi mbaya zaidi, kimya kimya: hayapai yote kwenye silinda kama petroli, yakabaki yanatelemka kando ya pistoni na ringi zake hadi kwenye sampu, yanaiyeyusha oili. Injini ile ilikuwa na mgandamizo mdogo, ndiyo maana ilivumilia bila kugonga sana. Lakini kama tungemwaga maji tu na kumruhusu mzee aondoke, angefika nyumbani akishangilia, na baada ya muda mfupi beringi za konrodi zingekwisha.

Ndipo fundi akaniambia, "Kijana, kachote maji." Bomba lilikuwa hatua chache tu, na ndoo ilikuwa inachelewa kujaa.

"Mzee wangu, mafuta haya yamelala wapi?"

"Nimekwambia fundi, kituoni..."

"Sikuulizi ulikonunua. Hilo si langu, na nikilisikia sitalikumbuka. Nakuuliza yalikolala. Gari lako nimeshalijua, mafuta yako sijayajua. Nikilirudisha barabarani na wewe ukaenda kulijaza kule kule, tutaonana tena wiki ijayo, na safari hiyo sitakuwa na la kukusaidia."

Mzee alitazama chini kwa muda. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuitegemea kwa mtu wa umri wake, kwamba kuna pipa.

Alilipata kabla ya msako, likiwa na mabaki ya mafuta ya taa chini. Kumwaga mafuta mwaka ule nani angethubutu? Akaongezea petroli juu yake. Pipa lilikaa ndani ya banda la kuku, limelazwa ubavu, salama. Habari zikaja kuwa kijiji cha jirani kimepekuliwa nyumba kwa nyumba. Usiku ule yeye na mwanawe wakalitoa, wakaliviringisha hadi migombani, wakalisimamisha wima kwenye majani na kulifunika gunia. Kifuniko kilikuwa kimekazwa, aliapa. Mvua ikanyesha juu yake tangu mwanzo wa masika.

"Wima," fundi alirudia.

Akamweleza, na mimi na ndoo yangu nikasikia. Pipa lililosimama lina ukingo juu, na mvua hutuama humo kuzunguka vizibo. Mchana jua linapochoma, hewa iliyo ndani hutanuka na kupenya nje. Usiku inapopoa husinyaa, na pipa huvuta ndani kilichopo mlangoni. Kilichopo mlangoni ni maji. Halihitaji tundu, mshipa mwembamba kwenye nyuzi za kizibo unatosha, usiku kwa usiku. Pipa hulazwa ubavu, vizibo vyote viwili vikiwa usawa mmoja, vimezamishwa na mafuta yenyewe, kama lilivyokuwa bandani.

Nimeyafikiria maelezo yale mara nyingi tangu hapo. Hakuna aliyemimina maji kwenye petroli ya mzee yule. Hofu ndiyo iliyolitoa pipa bandani na kulisimamisha kwenye mvua. Hofu hiyo hiyo ndiyo iliyomfanya aseme "kituoni" kwa fundi wa kwanza, na fundi wa kwanza, akiamini mafuta ni ya kituoni, akaenda kuulaumu umeme.

Matengenezo yenyewe yalikuwa ya jasho, hayakuwa ya akili. Tuliondoa tangi chini ya kiti, tukatia kokoto na petroli kidogo, tukalitikisa watu wawili mpaka petroli iliyotoka ikaacha kuwa nyekundu. Bomba la mafuta tulilipuliza kutoka upande wa pampu kurudi tangini, ili uchafu utoke ulikoingilia usisukumwe mbele. Oili yote ilimwagwa na filta yake ikatupwa. Oili mpya aliipata mzee mwenyewe, na hakuna aliyemuuliza kwa nani. Fundi akamwagiza, gari likitembea siku chache, afungue tena kikombe cha kioo, kwa sababu pembe za tangi huficha maji na barabara mbaya huyatoa.

Ilibaki kesi ya pipa. Maji hutengeka: unaliacha litulie, unanyonya kutoka juu, huifikii sehemu ya chini, na unapitisha kwenye ngozi laini ya kufutia vioo iliyolowekwa petroli kwanza. Ngozi ile hupitisha petroli na kuyazuia maji. Lakini mafuta ya taa yakishaungana na petroli, ngozi haiyajui, wala kutulia hakuyatengi. Fundi alikataa kabisa yasirudi kwenye Land Rover. Yakaletwa kwetu kidogo kidogo, kwenye makopo ya rangi, na kwa miezi mingi tulioshea spea kwa petroli yenye harufu ya kibatari. Sikuambiwa nisiseme. Fundi aliwahi kuniambia mara moja tu, nikiwa nimeanza kuwasimulia wenzangu kuhusu mteja mwingine: "Ya injini sema, ya mtu acha." Leo nimeyasema haya kwa kuwa mzee yule na fundi wangu wote wametangulia, na kijiji sikukitaja.

Sokoine alifariki katika ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, pale Dakawa, barabara ile ile ya Dodoma, na gereji yetu haikufungua siku iliyofuata. Wengi walimlilia, na mimi nikiwemo, kwa sababu walanguzi walikuwepo kweli na yeye hakuwaogopa. Siwezi kusema msako ulikuwa wa bure. Nasema tu nilichokiona nikiwa na tochi mkononi: mafuta yaliyokuja kwetu baada ya Machi yalikuwa machafu kuliko yale ya kabla yake, kwa sababu yalikuwa yamefichwa vibaya zaidi.

Kuchanganya mafuta hakukuisha. Kulirudi kwa nguvu soko lilipofunguliwa, sasa kwa kiwango cha matangi na si madebe, na watu wakakupa jina la uchakachuaji. Kuanzia 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikasimamia uwekaji wa vinasaba kwenye mafuta, ili mkaguzi apime kituoni na kujua kama yameongezwa kitu. Mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ukaribiane na wa dizeli, faida ya kuchanganya ikakatika. Kwetu mafundi, hiyo ilikuwa dawa bora kuliko msako wowote: sababu ya kuongeza kidogo imeondolewa. Lakini dawa ile ililipiwa na bibi wa kijijini mwenye kibatari, ambaye hakuwahi kuchakachua chochote.

Magari nayo yamebadilika. Pampu iko ndani ya tangi, kabureta hakuna, kikombe cha kioo hakuna. Kijana wangu huchomeka mashine na kusoma kuwa silinda fulani ina misi, na mara nyingi mashine haikosei; ila haiwezi kumwambia kama petroli ilitoka kwenye chupa ya maji iliyouzwa kando ya barabara. Hilo bado linaulizwa kwa mdomo. Mteja akiniambia ukweli, kazi huisha kabla ya adhuhuri. Akinificha naifanya pia, ila inachukua siku nzima, na analipa ya siku nzima.